Kubadili Injini ya Gari la Chama: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

(Mazungumzo kwa wajumbe wa Bodi, mameneja, watunza ghala na madereva wa vyama vya msingi vya Wilaya za Ngara na Biharamulo)

Si jambo geni kukuta kando ya ghala la chama cha msingi gari kuukuu lililosimama juu ya mawe. Bodi yake nzima, chasisi yake imara, lakini injini imekwisha. Pengine ni Land Rover ndefu ya inchi 109, pengine ni pikapu ya Toyota au lori dogo la Isuzu. Wanachama hulitazama kila siku ya kupima kahawa, nao huuliza swali moja: kwa nini lisitiwe injini nyingine likarudi barabarani?

Swali hilo ni halali, kwa maana gari ni mali yao na lilinunuliwa kwa jasho lao. Hata hivyo jibu lake si jepesi kama linavyosikika kijiweni. Chama kinacholijibu kwa haraka kinaweza kupoteza fedha za misimu miwili ya mavuno, na pengine kupoteza watu.

Mazungumzo haya hayakusudii kukataza kubadili injini. Kazi hiyo inawezekana, imefanywa mara nyingi, na ikifanywa vema huleta faida. Shabaha ni kueleza jambo moja ambalo husahauliwa: injini haikai peke yake ndani ya gari. Ina majirani. Wako wanaopokea nguvu zake, na wako wanaoitegemea kwa huduma ambazo dereva hazioni kwa macho. Anayeng'oa injini bila kuwahesabu majirani hao huwa amebadili gari zima bila kujua.

1. Mazoea haya yalitoka wapi

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Aina iitwayo Series III, ambayo ndiyo iliyoenea sana katika idara za serikali, misheni na vyama vya ushirika, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi zilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa senti-mita za ujazo 2,286. Ilikuwa injini ya kuaminika, lakini mnywaji mkubwa wa mafuta. Mafuta yalipokuwa rahisi, hilo halikumkera mtu.

Mambo yalibadilika mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, na ikapanda tena mwaka 1979. Hapa Tanzania mwaka huo wa pili uliangukia katika vita vya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni zilikuwa adimu mno. Wazee wanakumbuka zama zile ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Vipuri navyo havikupatikana. Ndipo mafundi walipolazimika kutumia kilichopo: injini ya gari lililopinduka ikaenda katika gari lililokufa injini, na petroli ikaachia nafasi dizeli.

Vyama vya ushirika navyo vilikuwa na misukosuko yake. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Mali inapohama mikono namna hiyo, magari huweza kwenda na kurudi bila kadi zake, na bila daftari linaloonyesha yalivyotengenezwa. Athari za jambo hilo zitaonekana mbele kidogo.

Kisha ukaja mwaka 1994. Watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku mbili mwishoni mwa Aprili, na barabara za Ngara zikajaa Land Cruiser na malori ya mashirika ya misaada. Vijana wengi wakazifahamu injini za Kijapani za dizeli kwa kuzifanyia kazi. Leo injini za mtumba kutoka Japani zinauzwa katika miji mikubwa, na fundi mwenye uwezo wa kuzifunga hakosekani. Kwa hiyo swali la siku hizi si kama injini itapatikana. Swali ni kama inafaa, na kwa gharama gani.

2. Njia nne, si moja

Kabla ya kuzungumza na fundi, Bodi yapasa itambue kwamba ina njia nne mbele yake.

Ya kwanza ni kuitengeneza injini iliyopo: kuchonga silinda, kutia pistoni na ringi mpya, kusaga valvu. Ya pili ni kutia injini nyingine ya aina ile ile. Ya tatu ni kutia injini ya aina tofauti. Ya nne ni kuliuza gari kama lilivyo na kukodi usafiri wakati wa msimu.

Aghalabu watu hurukia njia ya tatu kwa sababu ndiyo yenye sifa barabarani. Lakini katika Land Rover za zamani, kwa mfano, injini ya dizeli ya kiwandani ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya petroli, yenye ujazo ule ule, na ilishika gia boksi ile ile. Chama kilichotaka dizeli kiliweza kuipata bila kukata chuma chochote. Ni kweli injini hiyo ilikuwa nzito kupanda mlima, kwa kuwa ilikuwa na nguvu farasi 60 na ushei tu. Lakini gari lililobeba mbolea kutoka ghalani hadi vijijini halihitaji kushindana na basi.

Iwapo mashauri yataelekea njia ya tatu, na iwe baada ya njia nyingine tatu kuandikwa katika kumbukumbu za kikao pamoja na gharama zake.

3. Hesabu ya lita

Sababu kubwa inayotolewa ya kuhama kutoka petroli kwenda dizeli ni kuokoa mafuta. Ni sababu nzuri, ila ipimwe kwa hesabu. Bei hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, kwa hiyo ni afadhali kuhesabu kwa lita, kisha kila chama kiweke bei ya siku yake.

Uchukuliwe mfano wa Land Rover ya petroli ambayo, ikiwa na mzigo katika vilima vya changarawe, hutembea kilomita 5 kwa lita. Ikitiwa injini ya dizeli iliyo nzima, ikatembea kilomita 9 kwa lita, basi kwa kila kilomita 1,000 itatumia lita 111 badala ya 200. Imeokoa lita 89.

Ichukuliwe sasa kwamba injini ya mtumba, usafiri wake, kazi ya fundi na vifaa vyote vya kuunganishia vimegharimu fedha zinazotosha kununua lita 2,500, na kwamba bei ya petroli na ya dizeli zinakaribiana. Gari linalotembea kilomita 1,000 kila mwezi, mwaka mzima, litarudisha gharama hiyo kwa miezi 28. Hiyo ni biashara inayoeleweka.

Lakini magari mengi ya vyama hayatembei hivyo. Hutembea kwa nguvu wakati wa kukusanya kahawa, na miezi mingine hulala. Gari linalotembea kilomita 1,000 kwa mwezi katika miezi mitatu tu ya msimu litaokoa lita 267 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, gharama itarudi baada ya miaka tisa na zaidi. Je, chasisi itafika huko? Je, fundi aliyefunga injini hiyo atakuwapo?

Wanachama wana haki ya kuonyeshwa hesabu ya namna hii kwenye mkutano mkuu kabla ya kuombwa kuinua mikono. Tarakimu za mfano huu zisinakiliwe. Kila chama kichukue daftari lake la safari, kijumlishe kilomita za mwaka uliopita, kisha kihesabu chenyewe. Chama kisicho na daftari la safari hakina msingi wa kubadili injini, kwa maana hakijui gari lake linakula nini.

4. Wanaopokea nguvu

Injini ya petroli ya Land Rover iliyotajwa ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ipatayo nyutoni-mita 163. Gia boksi, propela, difu na shafti za magurudumu ya nyuma vilipimwa kwa kazi hiyo. Injini ya dizeli yenye tabo iitwayo 300Tdi, iliyotoka kiwanda hicho hicho mwaka 1994 na ambayo hupendwa sana kwa kubadilishia, hutoa nyutoni-mita 265. Ile ya Toyota iitwayo 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, hutoa 285.

Dereva atafurahi wiki ya kwanza. Gari litapanda kwa gia ya tatu palipokuwa pa gia ya pili. Kisha siku moja, limejaa magunia, magurudumu yamezama katika tope, dereva ataachia klachi kwa ghafla, na shafti ya nyuma itakatika kama muwa. Haikukatika kwa ubovu. Imepewa kazi isiyo yake.

Inafaa kuangalia walivyofanya watengenezaji wenyewe. Mwaka 1979 Land Rover ya inchi 109 ilitolewa ikiwa na injini ya silinda nane ya lita 3.5, ile iliyokuwa katika Range Rover. Kiwanda hakikuichukua injini hiyo na kuitupia katika gari la zamani tu. Kiliipunguza nguvu kwa makusudi hadi nguvu farasi 91, ingawa katika Range Rover ilizidi 130, na kililipa gari gia boksi ya Range Rover iliyo imara zaidi. Huko Australia, tangu miaka ya mwanzo ya 1980, Land Rover zilitiwa injini ya dizeli ya Isuzu iitwayo 4BD1, ya lita 3.9, na nazo zilipewa gia boksi hiyo nzito. Basi ikiwa wenye kiwanda, wenye wahandisi na vyombo vya kupimia, hawakubadili injini bila kubadili kinachofuata, fundi wa chini ya mwembe ana sababu gani ya kuthubutu?

Kuna njia mbili za salama. Ama injini mpya ije na gia boksi yake, na propela zipimwe upya kwa urefu wake, ama ichaguliwe injini ambayo nguvu zake hazizidi sana zile za asili. Kwa gari la chama, njia ya pili mara nyingi ndiyo ya busara.

Urefu wa nchi nao ukumbukwe. Vilima vya Ngara hufikia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini iliyosifiwa Dar es Salaam pwani itafika Ngara ikiwa imepungukiwa karibu moja ya tano ya nguvu zake. Wasifu wa muuzaji usichukuliwe bila kutoa fungu hilo.

5. Kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki

Ndugu Wanaushirika, sehemu hii ndiyo kiini cha mazungumzo, na inafaa madereva waisikilize kuliko wote.

Gari lenye breki za kusaidiwa huwa na chombo cha duara mbele ya pedeli, ambacho mafundi hukiita sevo au busta. Chombo hicho hakina nguvu yake chenyewe. Hufanya kazi kwa mvuto wa hewa: upande mmoja hewa imenyonywa, upande wa pili hewa ya kawaida inasukuma, na msukumo huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga.

Katika injini ya petroli, mvuto huo hupatikana bure. Dereva anapoachia mafuta, mlango wa hewa wa kabureta hufunga, pistoni zinanyonya na kukosa hewa, na mpira unaotoka hapo hadi kwenye sevo hunyonywa. Injini ya dizeli, kwa kawaida yake, haina mlango huo. Hewa huingia wazi wakati wote, na kinachopunguzwa ni mafuta peke yake. Kwa hiyo hakuna mvuto. Ndiyo sababu injini nyingi za dizeli za Kijapani zina pampu ndogo ya kunyonya hewa, mara nyingi imefungwa mkiani mwa alteneta.

Sasa fikirini kinachotokea. Fundi amefunga injini ya dizeli, alteneta iliyokuja nayo ni mbovu, naye akatia nyingine isiyo na pampu. Taa zinawaka na betri inachaji. Gari likizungushwa uwanjani breki zinashika, isipokuwa pedeli ni ngumu kidogo. Dereva atasema, "Itazoeleka." Na kweli, katika tambarare za Biharamulo, gari likiwa tupu, mguu wenye nguvu utalisimamisha. Lakini gari hilo hilo likibeba tani ya kahawa na watu juu ya magunia, likaanza kushuka kuelekea mto Kagera pale Rusumo, mguu wa mwanadamu hautatosha.

Liko na jambo la pili. Injini ya petroli, mafuta yakiachiwa katika mteremko, hulizuia gari kwa ule mvuto wa mlango uliofungwa. Injini ya dizeli isiyo na mlango huo hulizuia kidogo kuliko watu wanavyodhani, na hiyo ndiyo sababu malori makubwa hupewa breki ya ekzosi. Kwa hiyo gari lililobadilishwa kutoka petroli kwenda dizeli linaweza kupungukiwa mara mbili: breki za mguu zimepoteza msaada, na injini yenyewe inashikilia kidogo. Wakati huo huo linapanda kwa kasi zaidi na kubeba zaidi. Breki zake bado ni zile ngoma za zamani.

Kila dereva ajifunze jaribio hili, ambalo halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli ya breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Kisha aendelee kuikanyaga bila kuachia, na awashe injini. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, sevo inapata mvuto. Isipozama, gari hilo lisitoke ghalani, hata kama Meneja amekwisha kuandika hati ya safari. Jaribio hilo lifanywe kila asubuhi.

6. Maji, umeme na mafuta

Mambo mengine yanaweza kutajwa kwa ufupi, kwa kuwa fundi makini anayajua. Bodi inachotakiwa ni kuuliza kama yamefanywa.

Rejeta itoshe injini mpya, na feni ikae katikati yake. Gari linalopanda polepole na mzigo, upepo ukitoka nyuma, hupozwa na feni peke yake.

Umeme ulingane. Baadhi ya injini za dizeli hutoka katika magari ya volti 24, ilhali Land Rover na pikapu nyingi ni za volti 12. Stata na plagi za kupasha moto za volti 24 hazitafanya kazi inavyopasa katika gari la volti 12. Na kwa kuwa dizeli ni nzito kuwasha, betri iwe kubwa kuliko ya zamani.

Tangi lililokuwa la petroli lisafishwe mpaka takataka ziishe. Lipewe njia ya kurudishia dizeli isiyotumika, na chujio lenye kutenga maji. Kifuniko chake kiandikwe DIZELI kwa rangi inayosomeka. Herufi sita hizo zimeokoa pampu nyingi.

Bakuli la oili chini ya injini lisigonge ekseli ya mbele gari linaporuka mashimo. Liangaliwe gari likiwa limebeba mzigo.

7. Kadi ya gari na mpaka

Kadi ya gari huonyesha namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa bila kadi kurekebishwa, gari la barabarani si lile lililo katika karatasi. Askari wa usalama barabarani anaweza kulizuia. Ikitokea ajali, kampuni ya bima huwa imepewa sababu ya kubishana, na chama kitajikuta kikijibu peke yake kwa majeruhi na kwa mzigo wa wakulima.

Utaratibu ni kwamba gari likaguliwe, na mabadiliko yapelekwe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo yenye kazi ya usajili wa magari, ili kadi iandikwe upya. Huko chama kitatakiwa kuonyesha injini ilikotoka. Kwa hiyo stakabadhi ya kununulia, yenye jina la muuzaji na namba ya injini iliyosomwa kwenye chuma chenyewe, ni sawa na nusu ya injini. Gari ambalo kadi yake ilipotea katika misukosuko ya miaka iliyopita lianze kwa kupata kadi kabla halijapata injini.

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na kishawishi cha kununua injini iliyovuka mpaka kimyakimya hakikosekani. Bei yake huwa ya kuvutia. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Injini isiyo na karatasi za forodha inaweza kuchukuliwa wakati wowote, pamoja na gari lililoibeba. Aidha nchi hizo mbili huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yao mengi yana usukani upande wa kushoto. Injini iliyotoka katika gari la namna hiyo yaweza kuwa na mkono wa ekzosi au chujio la oili palepale linapokaa boksi la usukani la gari letu. Ipimwe kabla ya kulipiwa.

8. Mkataba, na injini ya zamani

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeweka uamuzi wa makisio ya mapato na matumizi mikononi mwa mkutano mkuu. Gharama ya kubadili injini iingizwe humo kwa jina lake, isifichwe katika kifungu cha matengenezo madogo. Ikiwa fedha ni za mkopo, zisivuke ukomo wa madeni wa chama.

Makubaliano na fundi yaandikwe. Yataje aina na namba ya injini, vifaa vitakavyobadilishwa pamoja nayo, muda wa kazi, na malipo kwa awamu. Robo ya malipo ibaki mkononi mwa chama mpaka gari lipite majaribio. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi aliyelipwa yote siku ya kwanza hana haja ya kurudi siku ya kumi.

Tena liko swali ambalo wakaguzi huliuliza, na wajumbe hutazamana: injini ya zamani iko wapi? Injini iliyong'olewa ni mali ya chama, hata kama haigeuki. Ina stata, kabureta, pampu ya maji, na chuma chenye thamani. Isiachwe gereji kama asante kwa fundi. Irudishwe ghalani na iandikwe katika rejesta ya mali. Wanachama wakiamua kuiuza, iuzwe kwa tangazo na kwa stakabadhi. COASCO ikija kukagua, iikute ama injini, ama fedha yake. Bandu bandu huisha gogo: vyama vichache huibiwa gari zima, lakini vingi huibiwa gari kipande kwa kipande.

9. Majaribio kabla ya kupokea

Gari lisipokelewe kwa kusikiliza mlio wa injini uwanjani. Kamati ya watu watatu, akiwamo dereva na mjumbe mmoja asiye dereva, ilitoe kwa jaribio la siku nzima.

Kwanza liende tupu, kisha liende na mzigo wake wa kawaida wa mifuko ya mchanga, bila abiria. Lipande kilima kirefu cha changarawe, na joto la maji lisomwe kila baada ya muda. Lisimamishwe katikati ya kilima na kuondoka tena, ili klachi ijulikane. Lishuke kilima hicho hicho kwa gia ya chini, na breki zijaribiwe mara kadhaa mfululizo. Zikipungua nguvu kwa joto, hilo liandikwe. Mwishoni lisimame juu ya sakafu safi usiku mmoja, na asubuhi sakafu iangaliwe. Oili, maji na dizeli vitakuwa vimeandika taarifa yao wenyewe.

Kilomita na lita za mwezi wa kwanza zisomwe katika kikao cha Bodi, zilinganishwe na hesabu iliyopelekwa kwenye mkutano mkuu. Kama wanachama waliahidiwa kilomita 9 kwa lita na gari linatoa 6, waambiwe.

Ndugu Wanaushirika,

Gari la chama ni ghala linalotembea. Mkulima wa Ngara aliyeweka gunia lake juu ya gari hilo ameweka ada ya shule ya mtoto wake, na mara nyingi ameketi mwenyewe juu ya gunia. Hajui lolote juu ya sevo wala pampu ya mvuto. Anajua tu kwamba gari ni la chama chake, na kwamba wako watu aliowachagua kulitazama kwa niaba yake.

Chama ambacho hesabu yake imeonyesha faida, chenye fundi wa kuaminika na karatasi zilizokamilika, kibadili injini bila hofu. Chama ambacho hesabu yake imekataa, kiliuze gari hilo lingali na thamani, fedha ziingie benki, na mzigo wa msimu ukodiwe lori. Hakuna aibu katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Aibu ni kuamua kwa kusikia mlio.